Maji Ndani ya Datsun

Sharifo alifika Myanga siku ya soko, mwaka 2006, na lori la kukodi na minyororo, kuchukua gari la marehemu babake. Lilikuwa Datsun la mbio, boneti ndefu, milango miwili, na lilikuwa limekaa nyuma ya ghala la mahindi la Mzee Wakoli tangu Sharifo akiwa shule ya msingi. Kuku walilala juu ya usukani. Chini ya mlango wa dereva maji yalitoka, membamba, yakafuata mfereji hadi kwenye sukuma wiki.

"Bado yanatoka, mzee?"

"Si ni mto," alijibu Wakoli. "Utaenda wapi?"

Farid, babake Sharifo, alikuwa dereva wa mbio, na Wakoli ndiye aliyemsomea ramani. Jioni moja, wakirudi kutoka mashindano ya Kitale, walikuta daraja la Myanga limebebwa na maji, na breki zikachelewa. Farid alimsukuma Wakoli nje kupitia dirishani. Yeye mwenyewe hakutoka. Gari lilipovutwa na ng'ombe, mto ulikuja nalo, na haukukauka hata mwaka wa njaa. Majirani walichota kwa ndoo, wakashukuru. Mara nyingine walikuta samaki wadogo kwenye kisahani cha majivu.

Maji yakigeuka mekundu na kupanda hadi kwenye viti, kila mtu alijua mto unafurika. Hapo Phelista, mke wa Wakoli, alienda mbio kivukoni kuwazuia watoto wa shule. Daraja jipya lilikuwa limeahidiwa mara nyingi. Nguzo zake zilisimama mtoni, hazijabeba kitu.

"Ukipeleka hii gari Kitale," alisema Phelista, "nani ataniambia?"

"Nitakupigia simu, mama."

Phelista alitazama simu yake, ambayo bado alikuwa akiifunga kwa leso, akakubali. Kabla lori halijaondoka, majirani walijaza mitungi yote waliyokuwa nayo.

Sharifo aliuza vipuri mjini Kitale, katika duka lililotazamana na msikiti, na gereji ya Zachary ilikuwa kwenye ua uleule. Wawili hao walilivua gari hadi likabaki mifupa. Zachary alikata kutu, akachomelea vyuma vipya, akajenga ngome ya mabomba kuzunguka viti. Alitoboa sakafu ili maji yapite, akapaka dawa ya kutu, akaendelea na kazi. Betri aliihamisha juu, nyuma ya kiti, isilowe. Sharifo alitafuta pistoni, kabureta na shokapu kwa wauzaji wenzake, na zile zilizokosekana Zachary alizichonga.

Mabomba ya mji yalikuwa makavu mwaka ule. Zachary aliunganisha mpira kutoka chini ya gari hadi pale waumini walipotawadhia, na kila Ijumaa walimwombea Farid dua.

Injini ilipowaka mara ya kwanza, Sharifo alikuwa ameketi ndani, viatu amevivua. Maji baridi yalizunguka vifundo vyake vya miguu.

"Baba, limewaka," alisema.

Alilia kidogo, kisha akamwambia Zachary kwamba silinda moja inakosa moto.

Mashindano yalifanyika msimu wa mvua uliofuata, siku yenye jua, kwenye shamba lililoachwa bila kulimwa nje ya Kitale, njia ya udongo ikizunguka na kurudi. Datsun lilimwagia vumbi maji popote lilipopita, na watazamaji wa upande ule walipiga makofi. Sharifo alikuwa mbele. Nyuma yake alikuja Kimutai na gari jipya, akitafuta nafasi na asiipate. Mzunguko wa mwisho ulikuwa umeanza maji yalipogeuka mekundu. Kabla ya kona yalikuwa yamefika kwenye gia, na kijiti kikaelea juu yake.

Sharifo alikanyaga breki, akatoka njiani, akachomoa simu kifuani.

"Mama, watoto wako wapi?"

"Ndio wanatoka shule."

"Wasivuke."

Phelista hakuaga. Kimutai alipita, akashinda. Baada ya kupewa kombe alirudi na kofia yake ya mbio kwapani.

"Imeharibika?"

"Hapana. Mto umejaa kwetu Myanga."

"Pole, bana," alisema Kimutai, akashika mlango wa pili, wakafungua pamoja maji yatoke.

Kule Myanga Phelista alisimama katikati ya njia, mikono ameitandaza, hadi mto ukapita ukibeba miti mizima. Watoto walilala kanisani. Hakuna aliyepotea.

Baadaye mama zao, pamoja na Phelista, walikuja Kitale na viazi vitamu na jogoo. Mmoja mmoja waliweka kiganja kwenye boneti, wakasema asante, kisha wakamshika Sharifo mkono.

Afisa mmoja wa barabara naye alikuja. Alilishukuru gari kwa niaba ya serikali. Alieleza kwamba, kwa kuwa sasa kuna onyo la kutegemewa, daraja si jambo la dharura tena, na saruji itapelekwa kwingine. Watu walipiga makofi machache.

"Na hii gari ikipata pancha?" aliuliza Phelista.

Afisa alisema hilo ni swali zuri, akaingia garini mwake.

Hivyo Sharifo aliendelea kushindana, na Phelista akaendelea kusimama kivukoni na simu yake. Waandaaji walimruhusu Mzee Wakoli akae kiti cha kushoto. Alikuja amevaa gambuti za mpira, na ramani hakuleta. Mashindano yaliyofuata, bendera ilipoinuliwa, aliinama akatazama maji miguuni pake.

"Safi," alisema. "Kanyaga."