Mkono wa Uongozi

Asubuhi hiyo mhudumu wa chumba cha kina bibi alikuwa akimlisha mmoja uji, akimgeuza wa pili ubavu asije akachubuka mgongo, na kwa mkono wa tatu akimpaka mafuta miguuni yule aliyewahi kuwa fundi cherehani. Mkono huo ulimwota chini ya kwapa baada ya mafunzo ya kunyanyua wagonjwa. Cheti kilifuata baadaye, jina lake likiwa limekosewa.

Katika nyumba ile ya wazee hakuna aliyeshangaa. Mtunza stoo tu ndiye aliyenuna: glavu ni jozi moja kwa kila mfanyakazi, mwenye ziada atajijua. Mkuu wa nyumba alimpongeza mhudumu, akamwongezea vitanda. Aliporudi kutoka mafunzo ya vidonda akiwa na mkono wa nne, vitanda vikaongezeka tena, na fundi cherehani akaichukua sare yake kuitoboa upande wa pili.

"Mwanangu, sasa kasomee kukaa kitako," alimwambia, sindano mdomoni. "Hii sare imeshakuwa hema."

"Ndiko ninakokwenda, bibi. Msimamizi wa zamu hukaa."

Cheo hicho alikitaka kufa na kupona. Kiuno kilikuwa kimeanza kumgomea, na mumewe, ambaye hajui kutunza siri, alikwishawatangazia mashemeji.

Kwenye usaili alijibu kila swali bila kubabaika. Mkuu wa nyumba akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akakuna kidevu.

"Dada, majibu yako hayana dosari. Lakini msimamizi kazi yake ni meza na kalamu. Mikono yote hiyo tukuwekee wapi? Tutakuwa tunaipoteza bure."

"Ninyi ndio mlionipeleka huko ikaniota."

"Ndiyo maana tunaithamini."

Cheo akapewa mpokea simu, bwana mtaratibu ambaye hakuwahi kuhudhuria mafunzo yoyote na kwa hiyo alikuwa na mikono yake miwili tu, laini. Mhudumu akauliza nani atamwelekeza bwana huyo kazi. Wakamwambia ni yeye mwenyewe, na ili asiseme hathaminiwi, wakampeleka mafunzo ya uongozi.

Alirudi na mkono wa tano, umechomoza mgongoni, kidole cha shahada kimenyooka tayari kwa kutoa maagizo. Wa kumwagiza hakuwepo. Siku za mwanzo ulikuwa ukiuelekeza ukuta, na ukuta haukwenda popote. Msimamizi mpya akaomba kwa upole afunike kitu hicho, kinamkosesha raha.

Basi mhudumu akaufundisha kukunja kidole na kumkanda kiuno, taratibu, wakati mikono mingine ikiogesha na kulisha. Ukawa hodari. Fundi cherehani alisema huo ndio uongozi wa kwanza wenye faida aliouona tangu azaliwe.

Mkuu wa nyumba alipopita kukagua, akasimama mlangoni, akauona mkono mmoja usiomhudumia mzee yeyote. Mchana ule ule kililetwa kitanda kingine.