Pasipoota Maua

Doreen alimbeba mumewe ndani ya kopo la biskuti, kwenye kikapu kimoja na sandwichi za mayai na chupa ya chai. Wifi yake Enid, aliyekuwa akiendesha gari, alilitupia kopo jicho walipokuwa wakitoka.

"Umelifunga vizuri lakini? Sitaki kumla kaka yangu kwenye mkate."

"Nimelizungushia utepe."

"Haya. Mayai mwenyewe alikuwa hayapendi."

Mumewe, Wilf, alifariki wakati wa baridi, mwili ukachomwa, na Doreen alikuwa amengoja maua ya buluu yachanue katika msitu wa Harcombe ndipo ampeleke. Alipaswa kuwaandikia wenye msitu ule na jumba lililo kando yake, kuomba ruhusa ya kumwaga majivu yake. Hakuandika. Aliona si vizuri kuwasumbua watu, basi akaamua kuwavunjia sheria kimyakimya, jambo ambalo kwa watu wa huku ndiyo adabu.

Kila majira ya machipuko Wilf alikuwa akimleta hapa. Mtu aliyechukia foleni, aliyechukia umati, aliyenuna akitozwa pesa ya kuegesha gari, lakini Harcombe hakukosa hata mwaka mmoja. Alilipita jumba bila kuligeukia, akapita bustani za tulipu kama anayewahi basi, akaingia msituni moja kwa moja hadi kwenye gogo moja chini ya mti mkubwa. Hapo alivua kofia, wakala, wakarudi nyumbani. Mbele ya gogo, katikati ya buluu yote ile, palikuwa na kiraka kitupu kama upana wa meza. Mwaka mmoja Doreen alimtania kwamba kiraka kile kinafanana na upara wake. Wilf hakucheka, aliinuka akajifanya anatafuta ndege juu ya mti.

Walikuwa na mtoto mmoja, Keith, aliyekufa kwa pikipiki akiwa na miaka kumi na tisa. Doreen alilala kitandani majuma mengi, na Wilf ndiye aliyekwenda kuyachukua majivu. Doreen alipoinuka, nyumbani hapakuwa na majivu yoyote. Hakuuliza. Alifikiri mumewe atamwambia siku akiweza, na mumewe hakumwambia kamwe. Watu hawa wanaweza kuijadili mvua kuanzia chai ya asubuhi mpaka ya jioni, lakini la moyoni hulizunguka kama shimo la barabarani. Hivyo Doreen alimpenda Wilf na kumwekea kinyongo, vyote viwili katika kifua kimoja, hadi siku aliyomfumba macho. Kwamba hakujua mwanawe yuko wapi, hilo ndilo lililomla zaidi ya kifo chenyewe.

Sasa walikuwa wameketi kwenye gogo, kopo mapajani, wakingoja familia moja yenye mbwa watatu ipite. Badala yake akaja mzee mwenye fulana ya kijani ya wale wanaojitolea kulinda msitu.

"Msitoke nje ya njia tafadhali, akina mama. Maua haya yakikanyagwa, huchukua miaka kurudi."

"Tumekaa tu," alisema Enid.

Mzee aliutazama utepe, kisha mkono wa Doreen uliolishika kopo kama mtu anayeshika kofia kwenye upepo.

"Hizo si biskuti, sivyo?"

Doreen alilivuta kopo karibu na tumbo.

"Pole sana, mama. Sina neno na marehemu. Lakini majivu yanaunguza udongo. Tazama pale." Alinyoosha kidole kwenye kiraka kitupu. "Kuna mtu alimmwaga mtu wake pale zamani, kabla sijaanza kazi hii. Hapajaota ua mpaka leo. Zungumza na ofisi, watakutafutia pahali kwenye bustani ya waridi."

Akaondoka kuwafuata wenye mbwa. Doreen alimgeukia wifi yake ili wamseme huyo mpumbavu aliyeharibu msitu, akamkuta Enid anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Enid."

"Usiniulize, wifi."

"Nakuuliza."

Enid aliivaa miwani, akaivua tena. "Nilimsindikiza Wilf. Hakuweza kuja peke yake. Alisema siku utakayouliza, atakwambia. Kila mwaka namwambia, Wilf, mwambie mkeo. Ananijibu, hajauliza, basi hayuko tayari. Halafu akanifunga mdomo kwa kiapo."

"Na mimi nilikuwa namngoja yeye aseme."

"Najua. Ninyi wawili mlinichosha."

Doreen alikitazama kiraka. Majira baada ya majira alikuwa ameketi hapa akila mkate mbele ya mwanawe, akilalamikia baridi, akihimiza waondoke kabla ya msongamano wa magari. Alilia basi, kwa sauti, mchana kweupe, wapita njia wakigeuza nyuso upande wa pili kwa heshima. Alimlilia mtoto, akamlilia mume aliyemleta kwake kila mwaka bila kuweza kusema neno moja, na kile kinyongo akakitafuta asikione.

Kisha akajifuta, akainuka na kopo lake.

"Unakwenda ofisini?" aliuliza Enid.

"Siendi popote. Pale hapaoti kitu tayari. Hatutaharibu cha mtu."

Walitoka nje ya njia wakitafuta pa kukanyaga kati ya maua, vikongwe wawili wameshikana viwiko. Doreen alifungua utepe, akainama, akamwaga majivu polepole mpaka kopo likawa tupu. Alikuwa ameandaa maneno ya kumuaga Wilf, ya shukrani, ameyakariri wiki nzima. Hayakuja. Aliweka kiganja chake juu ya udongo.

"Keith," alisema, "ni mama. Nilikuwa nakaa pale tu, mwanangu. Sikujua kama ni wewe."