Mapigo Yaliyozidi

Jumanne asubuhi Mwanamkuu, mfanyakazi wa ndani, alifagia mapigo kumi na mawili ya ngoma chini ya kochi la Mwalimu Ravindra, ghorofa ya tatu, Kariakoo, akayatia kwenye ndoo tupu ya rangi na kubana mfuniko. Ilikuwa ndoo ya pili mwezi ule. Wa gari la taka walizikataa zote, eti zinagonga njia nzima.

Mwalimu alikuwa anatunga kipande cha tabla, zile ngoma mbili za Kihindi, cha kupiga ukumbini Jumamosi. Mzunguko una mapigo kumi na sita. Fungu la mapigo matano hurudiwa mara tatu, na pigo la mwisho kabisa lazima liangukie mwanzo wa mzunguko unaofuata. Alijaza madaftari matatu kwa hesabu, na kila akipiga, yalizidi mawili. Yaliyozidi yalidondoka sakafuni, yakaingia kwenye viatu, kwenye masufuria, nyuma ya friji, yakagonga kutwa.

"Mwalimu, nimechoka kufagia," alisema Mwanamkuu, akitwanga kitunguu thomu jikoni. "Kila ukimaliza matano unapumzika mara mbili. Pumzika mara moja tu. Sikiliza."

Akatwanga matano, kimya, matano, kimya, matano. Ndoo zote mbili zikanyamaza.

Mwalimu alikuja na kalamu, akamwambia arudie mara mbili, akaandika. Mwanamkuu aliomba jambo moja. Kwa desturi ya wapiga tabla, mpigaji kabla hajaanza hugusa sikio na kumtaja aliyetunga.

"Uguse sikio useme Mwanamkuu binti Mbaruku, wa Magomeni."

Mwalimu alisema hilo halina shida.

Jumamosi Mwanamkuu alivaa khanga mpya, akaketi nyuma na Shobhana, mke wa Mwalimu. Mwalimu akagusa sikio, akamtaja marehemu baba yake. Akapiga. Pigo la mwisho likaanguka mahali pake, na tabla ikatoa sauti ya mchi kwenye kinu. Ukumbi wote ukanuka thomu. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mzee mmoja akapenga kamasi.

"Hicho ni kinu chetu," alisema Shobhana.

"Kinu chenu, mama. Mkono ndio wangu."

Shobhana akatazama mbele.

Jumatatu Mwalimu alisema ameanza kipande kipya, cha mafungu ya saba, kwa hiyo Mwanamkuu anunue ndoo nyingine. Mwanamkuu aliinua kitambaa cha kochi. Manne yalishaanza kugonga. Aliyasikiliza kidogo, kosa akaliona, akachukua fagio.