Ubao wa Tatu

Mkono wa mdogo wake ulipovunjika, Fundi aliambiwa kateleza bafuni. Hakuamini. Miaka ishirini na miwili ya useremala wa boti ilimfundisha kukijua kitu kilichopakwa juujuu. Mdogo mtu alisimulia habari za bafuni huku macho yake yakimwelekea mumewe, kama mwanafunzi anayemsomea mwalimu.

Wiki tatu baadaye shemeji mtu akaingia karakana amebeba jukwaa la nyuma ya boti yake, lile la mbao ambalo watu hulikanyaga wakishuka kuogelea na kupanda tena.

"Shemeji, lipige rangi nyeusi tu, juu na chini. Mbao zenyewe hovyo, msonobari mtupu."

"Chini nani ataona?"

"Samaki," alijibu, akacheka peke yake, akaondoka kabla hajapewa kiti.

Fundi aliliinua. Zito. Msonobari haulemei hivyo. Jua na maji vilikuwa vimeligeuza kijivu kama jivu la juzi, lakini alipokwangua kwa patasi, chini yake ukatokea mng'ao wa kahawia ya dhahabu, wenye mafuta, na harufu ya ngozi kuukuu. Msaji, mbao ghali za boti! Anayeuita msaji msonobari ama hajui, ama hataki ujue.

Akaendelea kukwangua, ubao mmoja mmoja. Wa kwanza msaji, wa pili msaji. Wa tatu akabonyeza ukucha, ukaacha alama. Huo kweli ulikuwa msonobari, umepakwa rangi ufanane na wenzake. Aliupindua: ulikuwa umekatika katikati, ukagandishwa kwa gundi na kubanwa kwa kipande cha bati.

Alifunga karakana saa sita mchana akaenda kwa mdogo wake, akijua mume yuko kazini.

"Pandisha gauni nione mguu."

"Dada, jamani!"

"Pandisha."

Kwenye muundi kulikuwa na michubuko miwili, mmoja kila upande, imeanza kupona. Fundi akatoa futikamba yake. Nafasi ya kati ya michubuko ilikuwa sawasawa na upana wa ule ubao.

Mdogo mtu akakaa kitandani. "Mguu ulipita mzima mzima. Mkono ukagonga chuma cha ngazi ya boti." Kisha akamkazia macho dada yake. "Kwani ulidhani ananipiga?"

"Ndiyo."

"Si ungeniuliza?"

"Nilikuuliza. Ukamjibu yeye."

Halafu mdogo mtu akaeleza yote. Ubao wa zamani ulipasuka. Akamwambia mumewe aupeleke kwa Fundi, naye akasema hiyo ni kazi ya dakika tano, hahitaji kufundishwa na mwanamke kupiga skrubu. Baada ya ajali mume alimlilia afiche. Aliogopa kuchekwa na ukoo mzima.

Jioni shemeji alikuta jukwaa limefumuliwa lote, na kopo la rangi halijafunguliwa.

"Nani alifunga ubao wa tatu?" Fundi aliuliza.

Alitazama mlango. "Mimi."

"Basi wiki tatu nzima nimekudhania mengine, shemeji. Mabaya kuliko haya."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, alikaa palepale juu ya vumbi la mbao, na suruali yake ya kazini. "Hata wewe?"

"Ningefanyaje? Mke ana mkono uliovunjika, na akiulizwa anamtazama mumewe."

Fundi akamrushia msasa.

Shemeji alisugua jioni tatu, kwa kufuata nyuzi za mbao, na kila alipoharakisha aliambiwa arudie. Fundi alichonga ubao mpya wa msaji, akaufunga kwa skrubu zisizoshika kutu, wakapaka mafuta mara nne. Jukwaa likawaka kama asali.

Siku ya kulifunga kwenye boti, Fundi alilikanyaga wa kwanza, akaruka mara mbili. Halikulia. Shemeji akamnyooshea mkewe mkono.

"Siku nyingine," mke alisema, akabaki nchi kavu.

Mume aliurudisha mkono wake, asimbembeleze. Fundi aliliona hilo pia.