Khisa Hasimami

Mume wangu hakuwa mtu wa kusimama. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Salgaa kuna watu wenye midomo mirefu waliokuwa wakinicheka eti nina mwanamume wa kupita tu, na hawajui hata kidogo sheria za malori. Khisa alikuwa akiendesha trela kutoka Mombasa hadi Malaba, mizigo ya watu wa Kampala, na kampuni yake ilikuwa imefunga ndani ya gari kifaa kinachowaonyesha watu wa ofisi liko wapi wakati wowote. Akisimama pasiporuhusiwa, redio ya gari inalia kumuuliza kuna nini. Akirudia, anaandikiwa barua. Kwa hiyo mimi Nekoye, mke wake wa ndoa ya kanisani, nilikuwa nikimwona mume wangu akiwa mwendoni.

Tulikuwa na mpango wetu. Mbele ya hoteli yangu kuna matuta ya barabarani, na hapo hata mwenye kiburi namna gani lazima apunguze mwendo. Khisa akifika, lori linatambaa. Mimi niko ukingoni na thamosi nyekundu iliyojaa chai. Yeye anateremsha mkono na thamosi nyingine iliyo tupu, tunabadilishana, na tunapata nafasi ya kusema maneno mawili.

"Nerima amepona homa?"

"Amepona. Ameenda shule."

Basi, lori linapanda zake kuelekea Sachangwan. Ndoa yetu ilikuwa hiyo. Wapo wanaolala kitanda kimoja mwaka mzima na hayo maneno mawili hawana, kwa hiyo sikuona sababu ya kulalamika.

Watu wengine Khisa hakuwasimamia kabisa, na hilo halikutokana na ofisi. Lilitokana na rafiki yake Kihara. Kihara alikuwa dereva kama yeye, mtu wa huruma nyingi. Alimsimamishia lori mwanamke aliyenyeshewa na mvua, mtoto mgongoni, na huyo mtoto alikuwa blanketi lililokunjwa. Lori lilipatikana tupu. Kihara mwenyewe aliokotwa kwenye mtaro upande wa Mau Narok, na mpaka leo akitaka kusema jina la mkewe anahangaika kulitafuta. Tangu hapo Khisa alifunga moyo. Mtu wa pikipiki akimwonyesha kwamba gurudumu linatoa moshi, hasimami. Gari lililopinduka, hasimami. Kuna siku alimpita kijana wa bodaboda aliyelala kwenye lami karibu na Migaa akipiga kelele, naye akaita ofisi kwa redio wawaambie polisi, huku anaendelea kukanyaga mafuta. Aliponisimulia nilimgombeza sana.

"Na kama alikuwa ameumia kweli, Baba Nerima?"

"Basi alikuwa ameumia kweli," akasema.

Nilikaa na hasira juu ya jibu hilo muda mrefu. Nilimwona mume wangu amegeuka jiwe, na nilimwambia hivyo.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, ile baridi ya huku kwetu inayoingia mpaka kwenye meno. Ukungu ulikuwa umeshuka mchana mchana na manyunyu hayakukatika. Khisa alikuwa amenitumia ujumbe kutoka mizani ya Gilgil kwamba amepita salama, amebeba betri na paneli za sola. Nikajua atafika kwangu baada ya watu kumaliza chakula cha mchana. Nikachemsha chai ya maziwa, nikaponda tangawizi ya kutosha kwa sababu ya baridi, nikaijaza thamosi na kuiweka karibu na mlango.

Alikuwako mteja mmoja, mwanamume nadhifu, koti la ngozi, viatu visivyo na tope siku ambayo Salgaa nzima ilikuwa tope. Aliagiza supu. Akaionja, akaita watu waitazame. Eti ina nywele. Mimi ukiniambia supu yangu ina nywele unanitafuta, na huyo mtu ni kama alijua. Nikamwambia anionyeshe hiyo nywele. Akasema ameitupa. Nikamwambia aiokote. Tukapandishana sauti, wateja wanacheka, na katikati ya huo upuuzi nikasikia honi ya Khisa, fupi mara mbili, jinsi apigavyo akikaribia matuta. Nikageuka kwenda, yule mtu akanishika mkono wa nguo akidai arudishiwe pesa yake. Sasa najua alikuwa ametumwa kunichelewesha. Wakati ule niliona tu mjinga mwenye koti zuri, nikajivuta, nikachukua thamosi na kukimbia.

Nilikuta mkia wa lori ukipotea kwenye ukungu.

Chemutai, jirani yangu anayeuza mahindi ya kuchoma pale kwenye matuta, alikuwa amejifunika gunia la plastiki. Aliniangalia mimi, akaangalia thamosi niliyoshika.

"Na hiyo ni ya nani tena?" akauliza.

"Ya Baba Nerima. Kwani ni ya nani?"

"Si amepewa tayari? Yule msichana ulimtuma amempatia."

"Sikutuma mtu."

"Mama Nerima, alikuwa na aproni ya green kama yako. Nimemsikia akimwambia ati wewe uko clinic. Bwanako amechukua thermos, akampatia hii ingine." Akanionyesha thamosi yetu tupu, imewekwa vizuri juu ya jiwe. "Halafu huyo msichana akaingia kwa Probox nyeupe wakaenda."

Nilisimama pale na thamosi mbili, moja nzito, moja nyepesi. Jambo unalolifanya barabarani kila wiki, watu wanaliona. Na hapa Salgaa hakuna mke wa dereva asiyejua habari ya kuwekewa mchele. Mchele ndiyo ile dawa wanayokutilia kwenye kinywaji ukalala kama mfu, ukiamka huna kitu, na wengine hawaamki. Na mume wangu alikuwa anapanda mlima na mzigo wa tani kadhaa, barabara imelowa, malori ya mbele na ya nyuma hayaonekani. Nilimwona akisinzia. Nilimwona kabisa, kichwa kikiangukia usukani.

Nikapiga simu yake. Ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ndani ya gari kulikuwa na kamera, na dereva akionekana na simu mkononi anafutwa, kwa hiyo Khisa, akitoka mizani, aliifungia simu yake kwenye kisanduku mpaka afike Malaba.

Namba ya ofisi yao nilikuwa nayo. Wangeweza kumwita kwa redio iliyo ndani ya gari. Niliifungua hiyo namba, nikaiangalia, nikaifunga. Ningewaambia nini? Kwamba dereva wao amepokea chai njiani, wakati kupokea kitu chochote njiani ni kosa la kufukuzwa? Kwamba hii si mara ya kwanza, ni kila safari, na anayempa ni mimi? Ada ya Nerima, nyumba, kila kitu kilikuwa kwenye ile kazi. Nilimjua Khisa. Akikaa kwenye usukani hanywi kitu mpaka amalize mlima, apite Mau Summit, barabara inyooke. Nikajiambia bado kuna nafasi ya kumfikia mimi mwenyewe bila ofisi kujua. Waliopanga mambo haya walijua nitajiambia hivyo.

"Mathe, unafuata lori ya mzee?"

Alikuwa Micah, kijana mwenye bodaboda, mgeni kidogo pale stegini wanapongojea abiria lakini mwenye adabu, huniita mathe kama mama yake, amenibebea magunia ya viazi mara kadhaa. Injini yake ilikuwa tayari inanguruma.

"Utaifikia?"

"Lori iko na mzigo, na ni mlima. Tutaishika kabla ya Summit. Panda."

Hakutaja bei. Mvua ile, mlima ule, na mtu wa bodaboda hakutaja bei. Nilimwachia Chemutai thamosi zote mbili, nikavaa helmeti yake ya pili na koti lake la pili la mvua, nikapanda, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya watoto wa wenzangu waliolelewa vizuri.

Tulipanda Sachangwan tukipita malori moja baada ya jingine, magurudumu yao yakiturushia maji machafu usoni. Kila trela lililotokea kwenye ukungu nilisoma nyuma yake kutafuta maandishi ya kampuni ya Khisa. Halikuwa hilo. Halikuwa hilo tena. Nilikuwa naomba kwa sauti, kwa Kibukusu, maana nikiogopa sana Kiswahili kinanitoka. Tulipita Migaa. Tulipopita njia ya kwenda Molo nikaliona.

Lilikuwa linayumba, au mimi niliona linayumba. Nilimpiga Micah mgongoni akaongeza mwendo mpaka tukawa sambamba na mlango wa dereva. Nikapunga mikono. Nikaita. Khisa alitupa jicho moja tu kwenye kioo, akapiga honi ndefu na kulileta lori upande wetu mpaka Micah akakimbilia ukingoni. Na kwa nini asifanye hivyo? Watu wawili kwenye pikipiki, helmeti, makoti meusi ya mvua, wanapunga mikono kwenye ukungu. Mimi mwenyewe ningewakanyaga.

"Toa helmet," Micah akasema. "Toa na koti. Lazima akuone ni wewe, otherwise hasimami."

Nikavitoa vyote nikavikumbatia. Nikatoa na kitambaa cha kichwa. Tukarudi ubavuni, mvua inanipiga usoni, aproni yangu inapepea, na nikaita jina lake, siyo Baba Nerima, nikamwita Khisa, jinsi nilivyomwita kabla hatujaoana.

Akatazama. Nikaona mdomo wake unafunguka. Halafu taa za pembeni zikawaka, breki zikapumua, na lori la mume wangu likasimama kando ya barabara, msitu wa mikaratusi huku na huku, hakuna nyumba.

Alifungua mlango kabla hata sijashuka kwenye pikipiki. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nerima ako wapi?" akauliza. "Niambie tu. Ni nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Umekunywa chai?"

"Nini?"

"Chai, Baba Nerima. Ile ya thermos. Umekunywa?"

"Nimekunywa kutoka Sachangwan. Leo nimeshindwa kungoja, baridi imezidi. Kwani iko na nini?"

Nilipanda ngazi ya lori nikamshika uso kwa mikono miwili. Nikaangalia macho yake. Yalikuwa meupe, yamenitazama, hayana usingizi wowote. Nikamwambia ahesabu vidole vyangu akavihesabu, huku akiniona nimerukwa na akili. Nikaichukua ile thamosi, nikamimina kwenye kifuniko, nikanusa, nikaonja kwa ncha ya ulimi, kisha nikameza kabisa.

"Tangawizi umesahau," akasema Khisa.

Ilikuwa chai. Maziwa, sukari, majani, basi. Nikaanza kucheka na kulia pamoja, nimeegemea magoti yake, nikimwambia habari ya msichana mwenye aproni, na ya Chemutai, na jinsi nilivyokuwa nimeshamzika huko njiani. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo maishani. Mume wangu alikuwa hai na nilikuwa nimemshika katika lori lililosimama.

Nadhani ni ule utulivu ulionishtua. Pikipiki ilikuwa imezimwa. Nikageuza kichwa nikamwona Micah amesimama chini yangu, mkono mmoja ameushika mlango wa lori, ameufungua wote mpaka mwisho, na hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama barabara tulikotoka. Probox nyeupe ilikuwa inatoka kwenye ukungu taratibu, bila taa, kama gari la mtu asiye na haraka. Ikapita, ikajipanga mbele ya lori ikaziba njia. Wanaume watatu wakashuka.

Hapo ndipo nilipoielewa ile chai. Hawakuhitaji kumlaza Khisa. Dereva akilala mlimani lori linaanguka na mzigo unaharibika. Walichohitaji ni asimame mahali pasipo na watu na afungue mlango kwa mkono wake. Walikuwa wamejaribu gurudumu, wamejaribu ajali, pengine hata yule kijana wa Migaa alikuwa wao, na Khisa hakusimama. Kwa hiyo wakamtafuta mtu ambaye Khisa angesimama kwa ajili yake.

Khisa alijaribu kuvuta mlango. Micah hakuuachia. Mmoja wa wale watatu alikuwa ameshafika kwenye ngazi, akaniambia kwa heshima kabisa, "Mathe, shuka pole pole," na mkono wake mwingine ulikuwa ndani ya koti.

Nilishuka. Khisa alikuwa ameinua mikono juu ya usukani. Hakuwa anamtazama yule mtu wala kilichokuwa ndani ya koti. Alikuwa anamtazama Micah, kisha pikipiki, kisha helmeti ya Micah na koti la Micah, vyote bado nimevikumbatia kifuani. Nikaona anavipanga hivyo vitu kimoja kimoja, kwa lile jicho ambalo kwa miaka yote hii lilikuwa halimwamini mtu yeyote barabarani.

"Nekoye," akaniita, polepole, kama anayemuuliza mtoto. "Hawa umetoka nao wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, na jibu la kweli lilikuwa kwamba nimewatoa nyumbani.