Kicheko Kilichobaki Mashineni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mke wa fundi viatu alikuwa amesimama jikoni akikata tufaha vipande vyembamba, kwa sababu daktari wa meno alikuwa amemkataza kung'ata. Kila kipande alikipitisha pembeni mwa mdomo, taratibu, kama mtu anayesukuma barua chini ya mlango wa jirani waliyenuniana naye, mpaka kikafika kwenye magego. Meno yake mawili ya mbele, ya juu, hayakuguswa na kitu. Nusu ya kila jino ilikuwa yake mwenyewe. Nusu ya chini ilikuwa ya daktari: dawa nyeupe laini iliyofinyangwa, ikagandishwa kwa taa ya buluu, ikasuguliwa hadi ikang'aa. Kazi safi. Hakuna mgeni aliyeona kiungo. Ulimi wake ndio uliojua kilipo, na kutwa nzima haukukoma kwenda kukichungulia, kama mmbea aliyesikia kuna jambo nyumba ya pili.

Masharti yalikuwa mengi. Asing'ate muhindi, asikate uzi, asifungue mfuko wa maziwa kwa meno, maji ya baridi ayanywe kwa mrija.

"Haya si meno, mke wangu," mumewe alisema. "Haya ni wakwe."

Mke akaguna "mm-mm" huku kiganja kikiwa mdomoni. Siku zile ndivyo alivyocheka.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida yenyewe, wala si kwenye tufaha. Kabla ya ajali, mwanamke huyu alikuwa na kicheko ambacho watu walikizungumzia. Kilianzia tumboni, kikagonga kifuani mara mbili, kikatoka kama mlango uliopigwa teke. Mumewe alikisikia siku tatu mfululizo akiwa upande wa pili wa ukuta kabla hajamwona mwenye nacho, na siku ya nne alishatuma posa. Kazini hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Kicheko.

Sasa aliogopa kwamba akiachama tu, zile nusu mbili zitaruka na kumwangukia mtu kwenye kikombe. Mama mkwe alikuja na mawifi wawili na majirani wanne, viti vikaisha, wengine wakakaa kitandani.

"Mkwe wangu, hebu cheka tuone kazi ya daktari."

Akayaonyesha meno.

"Nimesema cheka, sijasema onyesha."

Akajaribu. Hakikutoka kitu. Mama mkwe akamshika shavu, akasema kitarudi tu, kisha akaomba chai iongezwe sukari.

Kicheko alifanya kazi kwenye dobi kubwa linalofua mashuka ya mahoteli. Jengo zima lilikuwa la chini tu, bila ghorofa, chumba kimoja kirefu kilichojaa mvuke. Yeye alisimama kwenye mashine ya kunyooshea, yenye rola mbili za moto na mkono wa chuma wa kuzifungulia shuka likikwama. Mkono ule uliwahi kuwa na kifuniko. Kiling'olewa ili mashuka yaliyokwama yatoke haraka zaidi, kikawekwa mahali, na mahali penyewe pakasahauliwa. Siku ya ajali shuka lilikwama, Kicheko akainama kulivuta, mkono ukafyatuka. Vipande viwili vya meno viliingia ndani ya mashine na havikuonekana tena.

Msimamizi alileta daftari la ajali kabla ya kuleta barafu. Aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba mfanyakazi aliteleza ngazini. Kuandika mashine kungemaanisha kuizima mpaka wakaguzi waje.

"Weka sahihi hapa, dada, gari la kukupeleka hospitali linakungoja."

Kicheko aliweka sahihi akiwa na taulo mdomoni. Tangu lijengwe, jengo lile halijawahi kuwa na ngazi.

Siku ya tatu baada ya kurudi kazini, wakiwa kwenye chai ya saa nne, mwenzake waliyemwita Redio, kwa sababu hakuzimika, alisimulia habari za mgeni wa hoteli aliyeomba abadilishiwe chumba kwa vile mkewe wa kwanza amekuja kupanga chumba cha jirani. Watu wakavunjika mbavu. Kicheko akaziba mdomo, akaguna. Ndipo mashine ikacheka. Ilianzia chini, ikagonga mara mbili, ikasikika chumba kizima.

Redio akaweka kikombe chini. "Shoga, hicho si chako?"

"Changu."

"Basi na meno yako yamo humo."

"Yatakuwa wapi tena?" Wakarudi kwenye habari za mgeni, maana zilikuwa hazijaisha.

Fundi wa mitambo aliitwa. Alifungua ubavu wa mashine, akasikiliza, akaufunga. Akasema mashine ni nzima, inacheka tu. Kuvitoa vile vipande kungehitaji kuifumua yote, siku mbili. Msimamizi akauliza mahoteli yatalala juu ya nini siku hizo mbili. Fundi akajifuta mikono, akaondoka.

Habari zilimfikia fundi viatu kabla mkewe hajatoka kazini. Kesho yake saa sita alifunga kibanda chake na kwenda kusimama kwenye dirisha la dobi linalotolea mvuke. Redio alimwona, akasimulia jambo makusudi, mashine ikacheka, na fundi viatu akabaki pale uso umelowa kwa mvuke. Akaja tena kesho yake, na kesho yake.

"Shemeji," Redio akamwambia, "unamfuata mkeo au unaifuata mashine?"

"Nimepita tu."

"Umepita mara tano wiki hii!"

Jambo hilo lilimkaa Kicheko rohoni. Ijumaa jioni, wakila, alishindwa kuvumilia.

"Kwa hiyo siku hizi unakwenda kuchekewa na chuma."

Fundi viatu akaacha kutafuna. "Naenda kukikagua."

"Kukikagua nini?"

"Kama bado kizima. Kule kuna moto, kuna mafuta. Nisingependa siku ukikitaka, ukikute kimeharibika."

 Mke alichukua kipande cha nyama, akakikata vidogo, akamwekea na yeye upande wake wa sahani, ingawa mume alikuwa na meno yote.

Mwezi uliofuata alikuja mkaguzi wa usalama kazini, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisoma daftari, akaomba kumwona aliyeumia. Msimamizi alisimama karibu sana. Kicheko alitazama sakafu, kisha akaondoa kiganja mdomoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya mgeni.

"Sikuanguka ngazini, mzee. Ni mkono huu ulionipiga. Meno yangu yamo humu."

Mashine, kwa kuwa Redio alikuwa anakonyeza nyuma ya msimamizi, ikacheka. Mkaguzi akasogeza sikio.

"Ni kweli," akasema. "Yamo."

Akasikiliza tena, akatabasamu kidogo, akasema ni kicheko kizuri. Halafu akafungua daftari na kuligeuza upande wa Kicheko.

"Lakini hapa pameandikwa ngazini. Na sahihi ni yako. Siwezi kukagua ambacho hakikuandikwa, dada yangu. Naweza kupendekeza kuhusu ngazi tu."

Akapendekeza. Jumatatu alikuja mchomeleaji na kufunga reli ya kushikia ukutani, ya chuma imara, iliyopakwa rangi ya njano. Ilianzia sakafuni, ikapanda mshazari, ikaishia kwenye dari. Msimamizi aliishika, akaitikisa, akaridhika.

"Sasa hakuna wa kuanguka tena," akatangaza.

Kicheko aliitazama ile reli kuanzia chini hadi darini. Kitu kikaanza tumboni. Kikagonga kifuani mara moja. Kikagonga mara ya pili. Mkono wake ulitaka kwenda mdomoni lakini ulikuwa umeshika shuka, na kabla haujaliachia, mlango ulikwisha kupigwa teke. Alicheka mpaka akaegemea meza, nusu zote mbili zikiwa nje, zikimetameta, na hazikuruka popote. Mashine ikacheka naye.

Fundi viatu dirishani alisikia vicheko viwili kwa pamoja. Vilifanana, ila kimoja kilikuwa na kimluzi chembamba pale hewa ilipopita kwenye kiungo. Akakiegemea hicho, akafumba macho. Kile kingine tangu siku hiyo alikisalimu tu, kama unavyomsalimu shangazi wa mke.

Saa nane shuka lilikwama. Zamu ilikuwa ya Redio. Aliinama kulivuta, huku anaongea, uso wake sambamba na mkono wa chuma. Kicheko akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akamrudisha nyuma polepole, na kumshikilia hapohapo.

"Haraka huko!" msimamizi akapaza sauti. "Mahoteli yanangoja!"

"Vuta," Kicheko akamwambia mwenzake. "Nimekushika."