Cheti cha Mzee Dima

Saa tatu asubuhi Abdiladif alikuwa akichovya mandazi kwenye chai, ofisini Chechelesi, akitazama visima kumi na vinne kwenye skrini. Vyote vilikuwa kijani. Kazi yake ndiyo hiyo: seva inapokea habari za pampu hadi kule Garbatulla, na pampu ikikwama taa inageuka nyekundu, fundi anatumwa.

Mzee Dima, mlinzi wa kisima cha saba, akaingia na salamu. Alikuwa amekufa wiki tatu zilizopita.

"Aleikum salaam, mzee," akajibu Tari wa mapokezi. "Andika jina kwa hii kitabu ya wageni."

Dima akaandika. Sehemu ya saa ya kutoka akaiacha wazi, kama wafanyavyo wageni wote. Tari akammiminia chai.

"Nimekuja juu ya pampu," akamwambia Abdiladif. "Ilikufa kabla yangu. Imetuma habari mara arobaini na moja. Mliona?"

Abdiladif hakuona, na alijua kwa nini. Kila pampu ina cheti cha usalama, cha kuithibitishia seva kwamba anayezungumza si mwizi, na cheti hicho kina tarehe ya kwisha. Onyo la kisima cha saba lilikuja mkesha wa Idi, akabonyeza "nikumbushe kesho". Cheti kikaisha, seva ikakataa habari za pampu, taa ikawa nyekundu. Na Mutwiri, mkubwa wao, hapendi nyekundu. Basi Abdiladif akaiamuru seva ionyeshe kisima cha saba kijani, liwe liwalo, mpaka sikukuu ipite. Ikapita. Akasahau, astaghfirullah, kama mtu anavyosahau mwavuli. Huko pampu ikakwama, na Dima, aliyeagizwa asiiache mpaka fundi afike, alikaa juani na mtungi mtupu akiwaambia wapita njia, "Mjini wanaona."

"Na Mama Hamdia?" Abdiladif akauliza. Hakuweza kumtazama.

"Mke wangu anatoka na punda alfajiri, anarudi magharibi. Mbuzi wamebaki wanne." Dima akatoa karatasi mfukoni mwa koti. "Nasikia mashine yenu inataka cheti. Watoto walinichukulia hiki."

Kilikuwa cheti cha kifo. Tari akakipiga skani. Cheti ni cheti. Seva ikakisoma, ikaridhika. Mwenye cheti: Dima. Mwisho wa kutumika: hakuna. Habari arobaini na moja zikaingia mfululizo, kila moja na tarehe yake. Taa ya kisima cha saba ikabaki kijani, kwa sababu amri ni amri.

Kuifuta ilikuwa kubonyeza mara moja tu. Lakini seva ingemwandikia Mutwiri papo hapo jina la aliyeiweka, na tangu lini. Abdiladif akashika kipanya. Aliona aibu, lakini hofu ikamzidi. Akakiachia.

"Zimefika, mzee," akasema.

Saa nne ikatimu, akatuma ripoti ya kila siku: visima kumi na vinne, vyote vizima. Mutwiri akajibu, "Kazi safi."

Dima akamaliza chai, akamshukuru Tari, akarudisha kikombe.

"Alhamdulillahi. Sasa mjini wanaona," akasema. "Wacha nirudi kwa pampu, fundi asije akanikosa."